Rola Kumi na Mbili za Renetta

Kila Imogene Stallworth alipokata kona, mkoba uliteleza kwenye kiti cha pembeni, naye akaurudisha kwa mkono mmoja bila kuutazama. Ndani mlikuwa na bahasha mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya kahawia, ngumu, yenye mhuri wa jimbo. Hiyo ilibeba leseni ya Renetta Crutchfield, umri miaka ishirini na mitatu, ya kutengeneza nywele za watu kwa malipo popote ndani ya jimbo. Imeshasainiwa, imebaki kukabidhiwa tu. Ya pili ilikuwa nyeupe, haina jina la aliyeituma, na ndani yake barua ya mistari minne: "Mtahiniwa namba 31 hakufanya mtihani yeye. Rola za kile kichwa cha bandia zimefungwa na mtu wa mashoto. Renetta Crutchfield hana mkono wa kushoto hata wa kumpungia mtu. Ana binamu Detroit aliyefanana naye kama sahani mbili, na huyo binamu ni mashoto."

Mwenyekiti wa bodi ya leseni za wasusi hakuwa mtu wa maneno mengi. "Nenda Tallow Creek," alimwambia asubuhi. "Ukiona ni uzushi, mkabidhi leseni yake. Ukiona ni kweli, au ukishindwa kujua, irudishe. Nipigie kabla ya saa kumi na moja jioni, maana tukishafunga kwa Pasaka hatukai tena mpaka Juni. Na akiwa kadanganya, Imogene, miaka mitano hagusi kichwa cha mtu."

Imogene alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha saluni miaka kumi na saba kabla bodi haijamwajiri kuwa mpelelezi. Alijua Alhamisi ya kabla ya Pasaka ni siku gani, na alijua kwamba ukiingia saluni siku hiyo na sura ya kazi, kila mtu atakuchukia kwa haki kabisa.

Saluni ya Earline Gaddis ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Draya zote nne zinavuma, dawa ya karikiti, ile ya kukunja nywele, inapanda puani, wanawake wameketi na mifuko ya plastiki vichwani wakigombania jarida moja. Viti vya kazi vilikuwa vitatu. Cha kwanza cha Earline, cha pili cha Jewel Tatum, na cha tatu kilikuwa kipya, chekundu, bado kimevaa nailoni yake ya dukani na utepe mweupe mgongoni. Ukutani juu ya kioo cha kiti hicho palipigiliwa fremu tupu.

"Mama wa bodi," alisema Earline bila kuweka kitana chini. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. "Choo kimesuguliwa, vitana viko kwenye dawa, leseni yangu ile pale. Sasa unanitafuta nini na Pasaka hii?"

"Leo sijaja kwa vitana."

"Basi umeleta ile bahasha."

Wanawake wote wakageuka. Msichana mrefu aliyekuwa anafagia nywele karibu na sinki akaacha kufagia. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, na uso uliokuwa tayari umeanza kucheka.

"Nimekuja nayo," alisema Imogene. "Lakini nina maswali kwanza."

Uso wa yule msichana ukafunga duka.

Kwenye kaunta ya kiti cha tatu kilikaa kichwa cha bandia, kile kile cha mtihani, na rola zake bado hazijafunguliwa. Walikuwa wamekiweka hapo kama kombe la mpira. Imogene akatoa picha mbili ambazo mtahini alipiga siku ya mtihani, akazilinganisha na kichwa mstari kwa mstari. Rola kumi na mbili, zimelala sawasawa toka utosini hadi kisogoni, hakuna unywele uliopinda, hakuna mpira wa rola uliobana ngozi. Kazi safi sana. Na vifungo vya mipira, vyote kumi na viwili, viko upande wa kushoto. Fundi wa mkono wa kulia hufungia kulia. Hata ukimwamsha usingizini atafungia kulia.

"Nani humu amewahi kumwona Renetta akifunga rola?" aliuliza.

"Humu ndani?" Earline alimtazama kama aliyetukanwa. "Bila leseni? Huyu kanioshea vichwa mwaka mzima na kufagia, basi. Mwaka mzima. Angegusa rola ningemfukuza na ufagio wake."

"Anatumia mkono gani?"

"Wa kulia. Anafagia wa kulia, anakula wa kulia, anakataa pipi zangu kwa mkono wa kulia."

"Na huyo binamu wa Detroit?"

Kwenye kiti cha pili, Jewel Tatum alikuwa anaviringisha nywele za mteja, mdomoni kashikilia kitana cha mkia. Akakitoa. "Darnella. Yupo mjini. Kafikia kwa shangazi yao, Bi. Lutie, mtaa wa Pecan. Na alikuwepo wiki ya mtihani pia." Akasita. "Sisemi kitu. Mimi mtihani ule nilifeli mara mbili ndiyo nikapita. Yeye mara moja tu, alama tisini na nane. Nasema alikuwepo tu."

"Niandikie anwani."

Jewel akaiandika kwenye karatasi, akaikunja mara moja kwa urefu, akaibana mkunjo kwa ukucha wa kidole gumba, akampa. Imogene akaitia mkobani.

"Huyo Bi. Lutie ni mtu wa namna gani?"

Saluni ikawa na shughuli ghafla. Mmoja akatafuta miwani yake. Mwingine akarudi chini ya draya ambayo alikuwa ameshatoka.

"Mpishi mzuri," alisema Earline.

"Keki zake za siagi," alisema mteja wake, mama wa makamo aliyekuwa anachomwa nywele kwa kitana cha moto, kwa mtindo wa zamani. Kitana kikamkaribia sikio naye akajikunyata.

"Tulia. Shika sikio lako."

"Nashika mwenyewe? Kwa Lutie tulikuwa na—"

Earline akakohoa kikohozi cha mtu mwenye mapafu mazima kabisa. Mteja akalishika sikio lake na kunyamaza.

Imogene akayaandika hayo maneno kwenye daftari kama yalivyosemwa, hata lile lililokatwa katikati.

Imogene alizungumza na Renetta kwenye chumba cha taulo, mlango umefungwa. Msichana alisimama wima, mikono nyuma.

"Wewe ni mashoto?"

"Hapana, mama."

"Mkasi wako wa shule?"

"Wa kulia. Walitupimia wakaagiza."

"Rola zile kafunga nani?"

"Mimi."

"Zote?"

"Kumi na mbili zote. Kwa dakika kumi na nne."

"Zimefungwa kwa mkono wa kushoto."

"Ndiyo, mama."

"Mtu wa mkono wa kulia kafunga kwa kushoto, na kafunga vizuri kuliko nilivyofunga mimi miaka kumi na saba. Nani kakufundisha hivyo?"

Nje mtu alicheka, draya moja ikazimwa.

"Shule," alisema Renetta mwishowe.

"Shule nilipiga simu leo asubuhi. Wanafundisha kwa kulia. Mwalimu wako kahamia California na hakuna mwenye namba yake." Imogene akatoa rola moja mfukoni na kipande cha nywele za bandia. "Haya, tusipoteze siku. Nifungie moja nione, nikupe bahasha yako, niende zangu nyumbani nikapike."

Ilikuwa njia rahisi kuliko zote, na Imogene alitamani kwa moyo wake wote msichana aichukue. Renetta aliitazama ile rola kama mtu mwenye njaa anayeitazama sahani ya mwenzake. Kisha akatia mikono yote miwili kwenye mifuko ya aproni.

"Nilishatahiniwa, mama. Aliyenitahini aliona. Sitahiniwi mara ya pili."

"Unajua nikitoka hapa hivi nitaandika nini?"

"Najua."

"Miaka mitano, Renetta. Kile kiti chekundu atakikalia mtu mwingine."

"Nina vichwa kumi na tisa vimeandikishwa Jumamosi," alisema msichana. "Najua, mama. Andika."

Imogene alitoka akasimama mbele ya kile kioo chenye fremu tupu. Mtu mwenye hatia hubisha, ndivyo alivyozoea. Hulia, hutaja mashahidi, huapa kwa jina la mama yake. Huyu alikataa tu kuonyesha mikono. Kwa hiyo mikono ndiyo inayoficha kitu.

Akafikiria kioo. Wasichana wengi hujifunza kwa kukaa kitini na kumtazama msusi kiooni, na labda huko ndiko kulia kulikogeuka kushoto. Akainua mkono wake wa kulia. Yule wa kiooni akainua ulio upande ule ule. Akainua tena. Kioo hakihamishi mkono upande, na anayeiga kiooni anaiga vilevile. Mteja chini ya draya akadhani anasalimiwa, akampungia.

Saa nane na nusu Imogene alibisha mtaa wa Pecan, kichwa cha bandia kikiwa kwapani. Aliyefungua mlango alikuwa Renetta mwenyewe, mwanya na yote, ila huyu Renetta alikuwa na hereni kubwa na kucha nyekundu zenye urefu wa kutisha.

"Wewe ndiye Darnella."

"Ndiye. Na huyo mwenzako kapatwa na nini, mbona hana mwili?"

Darnella alikuwa dereva wa basi la jiji huko Detroit. Alicheka kabla ya kusema na baada ya kusema. Alikubali bila kulazimishwa kwamba alikuwepo wiki ya mtihani, na kwamba ni mashoto tangu kuzaliwa. Akampitisha Imogene moja kwa moja jikoni, maana ndiko watu wa nyumba hiyo walikokaa. Kwenye jiko sufuria la mboga za haradali lilikuwa linachemka na mfupa wa nguruwe. Mezani aliketi Bi. Lutie Crutchfield, mwembamba, nywele zake nyeupe zimefungwa kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, na alikunywa chai yake ya baridi kwa kushika glasi kwa viganja viwili.

"Karibu, mwanangu. Kula kwanza."

"Asante, Bi. Lutie. Kazi kwanza." Imogene akaweka kichwa mezani, akafungua rola moja na kumpa Darnella. "Irudishe ilivyokuwa. Tumia mkono unaotaka."

"Mimi? Mimi nywele zangu mwenyewe nalipa watu."

"Jaribu."

Darnella akajaribu. Alizungusha rola upande wa nyuma. Nywele zikatoka huku, karatasi ya kufungia ncha ikatoka kule. Akavuta mpira, ukucha ukakwama, mpira ukaachia, na rola ikaruka juu ya jiko ikatumbukia kwenye mboga.

"Pasaka njema," alisema Darnella.

Bi. Lutie alicheka mpaka akashika ubavu. Imogene naye alishindwa kujizuia, lakini macho yake yalikuwa kwenye zile kucha.

"Ni zako au za kubandika?"

"Zangu hizi, dada. Tangu Siku ya Shukrani, Novemba, sijavunja hata moja. Abiria wananipigia makofi."

Mtihani ulikuwa wiki sita zilizopita. Kucha za urefu ule hazioti kwa wiki sita, na hakuna binadamu anayeweza kufunga rola kumi na mbili bila kuvunja kucha za namna ile, sembuse kuzifunga safi vile. Imogene akapiga mstari juu ya jina la Darnella kwenye daftari. Mstari huo ulimpa furaha, lakini haukumtoa pale alipokuwa. Mtu wa Detroit hakufunga. Nani alifunga?

Akaangalia mle jikoni kwa mara ya kwanza kama mpelelezi. Hakukuwa na kioo popote. Kulikuwa na meza, na viti vitatu kuizunguka. Cha nne hakikuwa mezani. Kilikaa peke yake kando ya jiko la gesi, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angekaa kula, na miguu yake ilikuwa imezama kwenye vishimo vinne sakafuni. Kiti hakichimbi sakafu namna hiyo kwa mwaka mmoja. Mbele ya kiti, mkabala na uso wa anayekikalia, kulikuwa na kreti ya zamani ya soda, ya mbao, imepinduliwa. Mtungi wa maua ulikuwa juu yake. Imogene akauinua mtungi. Rangi ya kreti ilikuwa imelika sehemu mbili, ndogo, kila moja kama kiganja chake.

Nyayo za mtoto. Zimeelekea kwenye kiti.

"Kwa Lutie tulikuwa na," alisoma kwenye daftari lake kwa sauti. "Mlikuwa na mtu wa kushika sikio, Bi. Lutie."

Darnella akaacha kucheka.

"Mimi nililishika la mama yangu," alisema Imogene. "Jumamosi, jikoni, anachomwa na jirani yetu kwa ajili ya kanisa. Unakunja sikio hivi, unafunika kwa kidole, kitana cha moto kipite. Ukisinzia mtu anaungua. Huyu wako alisimama juu ya kreti mbele ya mteja, anakutazama. Miaka mingapi?"

"Usimjibu, Shangazi," alisema Darnella.

"Nyamaza, mtoto." Bi. Lutie akaisukuma glasi mbali. "Toka ana miaka minne mpaka kumi na tano. Nilimpa masikio kwa sababu alikuwa haachi kugusa vitu. Mtaa huu mzima hakuna mwanamke mwenye kovu sikioni. Tukaja kwenye karikiti, akawa ananipa karatasi na rola. Akishanipa, ananiiga na mwanasesere wake."

"Darnella, kaa kwenye kile kiti. Bi. Lutie, samahani, simama nyuma yake kama zamani."

Walijipanga hivyo watatu, Lutie nyuma ya Darnella, Imogene mbele yake kwenye kreti.

"Inua mkono wako wa kufungia."

Bi. Lutie akainua wa kulia. Imogene akainua ule ulioelekeana na huo, kama mtoto anavyofanya. Akauangalia. Ulikuwa wa kushoto.

Mboga zilichemka na rola ndani yake.

"Mkasi kajifunza shuleni, kwa kulia," alisema Imogene. "Rola kajifunza hapa, uso kwa uso na wewe. Hakuna kioo cha kumrekebisha. Kafunga yeye mwenyewe, zote kumi na mbili. Na kakataa kunionyesha kwa sababu alijua nitauliza kafundishwa na nani, na mimi ni mtu wa bodi, na wewe huna leseni."

"Kakataa?" Bi. Lutie alishika ukingo wa meza. "Kasema nini?"

"Kasema niandike. Kakubali kuikosa."

Mzee aliketi. Machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyafuta, kwa sababu vidole havikumsaidia kushika kitambaa. "Mjinga yule. Mjinga, mjinga. Miezi tisa anasoma akiwa amesimama miguu inavimba." Kisha akajinyoosha. "Andika jina langu, mwanangu. Lutie Mae Crutchfield. Miaka thelathini na mmoja kwenye jiko hili bila karatasi yoyote. Shule iliyokuwa inatupokea watu weusi wakati wangu ilikuwa maili tisini, na nilikuwa na watoto wa ndugu zangu wa kulea. Sikuchukua senti ya mtu. Waliniletea kambare, mboga, mayai. Andika na mayai."

"Sheria inasema fedha au kitu chochote chenye thamani."

"Basi mayai yana thamani. Andika."

Imogene hakuandika. "Mara ya mwisho kushika kichwa cha mteja ni lini?"

"Pasaka, miaka mitatu imepita. Vidole viligoma katikati ya kichwa cha mke wa mchungaji. Akaenda kanisani na kofia."

"Una uhakika? Miaka mitatu?"

"Muulize mke wa mchungaji. Bado hajanisamehe."

"Bodi haifungui jalada la jambo lililopita miaka miwili."

Bi. Lutie alimtazama. "Una maana hata mkinitaka hamnipati?"

"Hatukupati."

"Miaka thelathini na mmoja najificha nyuma ya pazia hili," alisema mzee, na ilionekana kama kaonewa kidogo, "halafu hata kesi sistahili."

Darnella akarudi kucheka, safari hii alicheka huku analia. Imogene akatazama saa yake. Saa kumi kasoro dakika kumi.

"Vaa koti, Bi. Lutie. Nahitaji mikono yako mara moja tu."

Renetta alipomwona shangazi yake akiingia saluni ameshikiliwa na Darnella huku na mama wa bodi huku, ufagio ulimtoka mkononi.

"Shangazi, rudi nyumbani. Sijasema kitu. Naapa sijasema kitu."

"Najua hujasema. Ndiyo nimekuja kukuzaba kofi, ila vidole vinauma. Simama pale."

Imogene akaweka kichwa cha bandia kwenye kaunta, Lutie upande mmoja, Renetta upande wa pili, uso kwa uso. Draya zikazimwa moja moja bila mtu kuagiza. Akampa kila mmoja karatasi na rola.

"Fungeni."

Vidole vya Lutie vilikuwa vizito na viliuma, ilionekana usoni. Lakini vilikumbuka. Karatasi, ncha ya nywele, rola, zungusha, kaza. Ng'ambo ya kichwa Renetta alienda naye hatua kwa hatua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mikono yake ilitoka mifukoni kwa furaha yake. Pale shangazi alipofanya kwa kulia, yeye alifanya kwa kushoto. Wakafika kwenye mpira pamoja. Wakafunga pamoja. Imogene akapiga picha ya papo hapo, akaipunga hewani mpaka ikakauka, akaibandika kwenye jalada na kuandika chini yake sentensi mbili.

"Nisamehe, Shangazi," alisema Renetta. "Nilijua akiiona mikono yangu atakuona wewe."

"Basi kaniona. Na sijafa. Na wewe ungeniacha nikae nimejua nimekugharimu leseni, ningekufa kweli."

Walikumbatiana, kichwa cha bandia kimebanwa katikati, na Earline akasema kwa sauti yake yote kwamba kama kuna mtu ana leso aipitishe huku, maana wateja wake wanaharibu wanja.

Imogene alikuwa na jambo moja limebaki. Akaenda kwenye kiti cha pili. Akaitoa barua isiyo na jina, akailaza kwenye kaunta ya Jewel Tatum. Kando yake akalaza ile anwani ya mtaa wa Pecan. Zote mbili zimekunjwa mara moja kwa urefu, mkunjo umebanwa kwa ukucha wa gumba, kama msusi anavyokunja karatasi ya kufungia ncha za nywele. Watu wengine hukunja barua mara tatu kwa upana.

Jewel aliziangalia. "Sikuwahi kumwona akishika kitu kwa kushoto," alisema. "Mwaka mzima niko naye. Nikaona zile rola, nikamwona Darnella, nikajua nimejua. Na ndiyo, zile tisini na nane ziliniuma. Nilifeli mara mbili, mama."

"Ulikuwa na mdomo. Ungemuuliza."

"Ningemuuliza." Akamgeukia Renetta. "Samahani, Renetta. Kweli."

Renetta alimtazama kwanza yeye, kisha kiti chekundu. "Jumamosi nina vichwa kumi na tisa. Utanioshea."

"Vyote?"

"Na kufagia."

Saluni nzima ikaangua kicheko, na Jewel, baada ya kuhesabu kidogo kichwani, akacheka nao.

Saa kumi na nusu Imogene aliinua simu ya Earline. "Mwenyekiti, nakabidhi," alisema. "Hapana, hakuna wasiwasi. Nitakueleza Jumanne. Nimeona mikono yote." Akakata, akatoa bahasha ya kahawia, na Renetta akasaini daftari la kupokelea. Akasaini kwa mkono wa kulia. Darnella akapanda juu ya kiti kuitia leseni kwenye fremu, akaipindisha, akainyoosha, akaipindisha tena, mpaka watu sita wakamwelekeza kwa pamoja.

Renetta akachana nailoni ya kile kiti. Akakiviringisha mpaka mbele ya shangazi yake.

"Kaa, Shangazi. Mteja wa kwanza."

"Unataka kunitia dawa zenu hizo?"

"Kitana cha moto. Kama zamani. Utaenda kanisani bila kofia."

Bi. Lutie akafunguliwa kitambaa. Nywele zake nyeupe zilikuwa laini na chache, na hazijaguswa na mtu siku nyingi. Renetta akaweka kitana kwenye jiko dogo la umeme, akakijaribu kwenye karatasi, akakipuliza. Alikichukua kwa mkono wa kulia, akafikiri, akakihamishia wa kushoto. Kisha akasita, kitana kinatoa moshi hewani, akitazama huku na huku kama aliyesahau kitu.

Bi. Lutie ndiye aliyeelewa. Akageuza macho kwa Imogene, aliyekuwa amekwishavaa koti lake na mkoba begani.

"Mama wa bodi," alisema. "Usisimame bure. Sikio."

Imogene akaweka mkoba sakafuni, akaja mbele ya kiti, akalikunja lile sikio la mzee, akalifunika kwa kidole.

"Usisinzie," alisema Bi. Lutie.

"Sisinzii," alisema Imogene.